Ndege Aliyeimba Nje ya Shiraa

Mwaka uliofuata Uhuru nilikuwa na kamera kuukuu niliyoinunua Mombasa, na mji mzima wa Amu ulinijua kwa picha za maharusi na za watoto wenye kofia mpya. Bibi yangu mzaa mama peke yake ndiye aliyetaka picha ya ndege.

Alipoolewa alipelekwa shamba la mumewe huko Kililana, ng'ambo ya kisiwa chetu. Kila akipita kando ya kidimbwi chenye matete alimsikia ndege mdogo akiimba kwa madaha, ila hakuwahi kumwona. Zama zake mwanamke wa kiungwana hakutoka ila ndani ya shiraa, kitambaa kikubwa kilichoinuliwa kwa vijiti kama hema, na humo uliona vidole vya miguu yako, basi. Shiraa zilikwisha zamani. Sasa macho yake ndiyo yaliyokuwa yakiingia ukungu, na kitu hakitambui mpaka akisogeze puani.

"Mato yangu yaondoka, mwanangu," aliniambia, "na nyuni yule sijamwona. Niletee nimtizame kabla hayajafunga."

Nikavuka kwenda Kililana. Ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo nilivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikapigika, nikasimama katikati ya kinamasi. Matete yote yakanyamaza. Filamu ilipotoka ilikuwa nyasi tupu, na barazani wakapata la kusema: "Wenziwe wapiga maharusi, yeye apiga nyasi!"

Safari ya pili nilivaa kikoi cha rangi ya tope, nikalala chini, mbu wakanifanya karamu. Nikarudi na nyasi nyingine.

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Mimi nalipita karibu na nyuni wale wala hawakunyamaza. Hawakuona mtu, waliona shiraa."

Akafungua sanduku, akaitoa shiraa yake ya uharusi, ingali inanukia udi. Penye wazee haliharibiki neno. Tatizo, haikuwa na tundu, na kamera haipigi picha ya vidole vya miguu. Nilipolitaja hilo akanipa mkasi. Mkono ulinigoma, kitambaa kile kilikuwa ujana wake wote. Akanipokonya, akapapasa penye uso, akakata mwenyewe. Roho iliniuma sana.

Basi nikajikunyata ndani ya shiraa kando ya kidimbwi, jasho na udi vikinitoka pamoja, na ndege wakaendelea na mambo yao. Akaja mmoja wa rangi ya kahawia, hana kishungi, hana urembo wowote, nikamdharau. Kisha akafungua mdomo. Niliduwaa, nikamsikiliza asubuhi nzima, na ilikuwa bahati tu kwamba nilikumbuka kupiga picha.

Fundi wa Mombasa aliikuza picha ikawa kubwa kama sinia. Bibi aliisogeza mpaka ikamgusa pua, akaizungushia macho polepole, kisha akairudia tena. Nikaingiwa na hofu kwamba tumechelewa.

"Humwoni?"

"Namwona. Namwona na kucha zake. Lakini sura yake mimi siiyui. Nitayuaye kuwa ndiye?"

Nikakunja midomo, nikapiga mluzi, wimbo wote kama nilivyousikia kinamasini, pale unapopanda na pale unapokatika.

Bibi hakuniangalia. Aliishika picha kwa mikono miwili, akicheka, machozi yakimtiririka.

"Kumbe ndiwe," akamwambia ndege. "Haya, imba. Nakuona."