Chupa ya Siku ya Kurudi

Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea mtoto wa kaka yangu, anayekaa Shangani ya huku kwetu kusini, nikarudi kwangu nimekasirika. Hakunikosea adabu, la. Alinipikia pweza, akanikalisha barazani panapopata upepo, kisha akaleta chupa yenye karatasi ya dhahabu na picha ya korosho. Yeye na wenzake wanatengeneza pombe kali ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, kwenye banda lao kule Chuno, wanataka iingie mahotelini. Chini ya picha wameandika, "Mwacha asili ni mtumwa." Akamimina kidogo kwenye bilauri, akaizungushazungusha kama alivyojifunza kwenye simu, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Shangazi, onja, uniambie kama imefanana na ya bibi yenu."

Sikuonja. Nilichovya kidole, nikapaka kiganjani, nikasugua mpaka viganja vikapata joto, nikanusa. Ilinuka sukari ya dukani, na nyuma ya sukari ikanuka rangi ya kucha. Nikamwambia hii haina kwao. Akacheka, akadhani ni maneno ya uzee. Nikashindwa kumweleza, maana ningeanza kueleza ningelazimika kufika mahali ambapo sijamfikisha mtu. Basi nakueleza wewe.

Baba na mama walifanya kazi mjini, baba bandarini, kwa hiyo mimi nililelewa na bibi, mama yake baba, shambani kwake upande wa kuteremkia bonde la Ruvuma. Bibi alikuwa Mmakonde, Mkristo wa kwenda kanisani Pasaka na Krismasi, na siku nyingine zote alikuwa mpishi wa nipa. Ndiyo, nipa, pombe ya mabibo ya kukeneka kwa mvuke, ile ambayo serikali iliikataza na kila mtu aliijua. Majirani zetu wengi walikuwa Waislamu. Wao walinyofoa korosho zao, mabibo wakamletea bibi kwa matenga, na bibi akawarudishia makopa ya mihogo. Hakuna aliyeuliza mabibo yanakwenda wapi.

Lakini nipa yenyewe hasa, ile ya kujivunia, ilitoka kwenye mkorosho mmoja tu, uliosimama nyuma ya jiko, wenye mabibo ya manjano yasiyokaba koo. Ole wako uutikise! Bibo la kutikiswa, alisema bibi, ni mtoto aliyeamshwa usingizini, litalia mpaka ndani ya chungu. Tulingoja lianguke lenyewe, na tuliokota alfajiri, kabla jua halijalipiga. Kazi yangu ilikuwa kuosha mchanga. Maji ya bibo yakikuingia nguoni hayatoki, na gauni langu la shule lilikuwa na madoa ya kahawia ambayo mwalimu alinichapia na bibi akayacheka.

Tulikamua, tukaacha juisi ichachuke siku tatu nne mpaka itoe povu na harufu ijae ua mzima. Kisha chungu kikapanda jikoni, na bomba likapita kwenye gogo lililochongwa lenye maji baridi. Maji yakipata joto nilibadilisha, na nilibadilisha mpaka mabega yakauma. Matone ya kwanza bibi aliyaita ya hasira, akayamwaga chini bila huruma hata wanywaji wamlilie vipi. Ya mwisho aliyaita ya uvivu, akayaweka kando kwa kusugulia miguu. Alichohifadhi ni ya katikati, na hapo ndipo kazi ilipoanza kweli, maana ilibidi ijulikane kama ni nzuri.

Wanywaji hakuwaamini hata kidogo. "Mlevi hana ulimi," alisema, "ana koo tu." Mwamuzi wake alikuwa jirani yetu wa upande wa kisimani, mwanamke wa Kiislamu aliyeswali sala tano na hajameza tone la pombe tangu azaliwe. Bibi alidondosha tone kwenye kiganja chake mwenyewe, akasugua, akampelekea puani. Yule jirani alifumba macho. Akisema, "Huyu namjua," bibi alirudi nyumbani akiimba. Akisema, "Huyu mie simjui," chungu kizima kilikwenda kwa walevi wa kawaida, na siku hiyo usimsogelee bibi. Nilimwuliza jirani mara moja kama si dhambi. Akanijibu kwamba kunusa si kunywa, na kwamba Mungu hakumpa pua ya pambo.

Mimi pia nilifundishwa kwa kiganja, kinywani sikuruhusiwa kamwe. Nilijifunza kuutambua mkorosho wa nyuma ya jiko: kwanza ubichi kama jani lililovunjwa, halafu utamu wa embe dodo, halafu, ukingoja mkono upoe, moshi kidogo wa kuni zetu. Bibi aliita hivyo kuwa na kwao. Pombe yenye kwao ukiinusa unajua imezaliwa wapi.

Kisha tukahamishwa, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Mikorosho ilikuwa imechanua, ndilo lililomuuma bibi kuliko yote. Lori lilikuja, tukapakia vitanda, kuku na vyungu, tukapelekwa kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zimepangwa mistari. Tuliambiwa tutapata shule ya karibu, zahanati na maji ya bomba. Shule tulipata, sitasema uongo. Lakini mkorosho haupandi lori. Bibi alibeba chupa moja tu ya mwisho, ameiziba kwa gunzi na kuifunika kwa nta, akatangaza mbele ya watu wa nyumbani kwamba chupa hiyo itafunguliwa siku atakayorudi kwake. Akaiweka chini ya kitanda, nyuma ya sanduku la sanda yake.

Kijijini mabibo yalikuwa ya wote. Mekundu, ya manjano, mabichi, yaliyotikiswa, yaliyooza, yote yalirundikwa pamoja uwanjani, na kila nyumba ikachota. Bibi alipika mara moja. Mwenyekiti wa kijiji alipita karibu akijifanya ana mafua, hasikii harufu, na jirani, ambaye alipangiwa nyumba ya mstari wa nyuma yetu, akaletewa kiganja. Hakufumba hata macho. "Huyu mie simjui." Bibi akaendelea kuwapikia wanywaji, lakini hakupeleka kiganja tena.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Shuleni tuliletewa mwalimu kutoka upande wa Dodoma, kijana mpole, mwenye kujivunia zabibu za kwao. Aliporudi kutoka likizo alimletea bibi kinywaji kikali cha zabibu katika kichupa cha dawa ya kikohozi, akisema mjomba wake amekikeneka. Bibi akapaka kiganjani, akanusa, akanusa tena. "Huyu ana kwao," akasema. "Kuna mawe huko kwenu, na jua kali." Mwalimu alifurahi kama mtoto. Kisha akasema, bila ubaya, kwamba ndiyo tofauti ya zabibu na mabibo, mabibo ni ya kulewea tu.

Bibi alitabasamu. Mimi niliungua. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilijua kilichokuwa chini ya kitanda. Siku ya tatu, bibi akiwa shamba la kijiji, nilitoa chupa, nikampelekea mwalimu, nikamwambia, "Shikamoo mwalimu, bibi amekupa uonje." Nilitaka aonje kidogo, aone aibu, mimi niirudishe. Lakini alikuwa na wageni wawili, na zawadi ya mkubwa hairudishwi nusu. Niliketi kizingitini nikiwatazama. Mwalimu alifumba macho kama jirani. Akasema hajawahi kuonja kitu kama hiki, akaniagiza nimpe bibi asante yake, akanirudishia chupa tupu iliyosuuzwa vizuri.

Nilishinda! Na nilitamani ardhi inimeze. Nilijaza chupa kwa nipa ya rundo, nikairudishia gunzi, nikayeyusha nta juu ya kaa la moto, nikaiweka nyuma ya sanduku. Mwalimu nilimwambia bibi hapendi kushukuriwa, ni mwiko kwetu. Akaamini, mgeni huamini kila mwiko. Mwaka uliofuata akahamishwa.

Miaka ikapita, amri zikalegea, watu wakaanza kurudi mashambani kimyakimya. Mimi nilikuwa sekondari, nimekuja likizo, siku bibi alipobeba chungu chake kichwani. Jirani naye alirudi. Nyumba zilikuwa vichuguu, lakini mkorosho ulikuwepo, mkubwa kuliko nilivyoukumbuka, na chini yake mabibo ya manjano yamejaa, hayana mwokotaji. Bibi aliyakanyaga akicheka na kulia. Akakaa chini papo hapo, akaitisha chupa.

Ningeweza kusema. Nilikuwa na nafasi kati ya yeye kubandua nta na kung'oa gunzi, nafasi ya kutosha kabisa. Niliangalia miguu yangu.

Alisugua, akanusa. Akasugua tena. Akampelekea jirani, na jirani akafumba macho muda mrefu, akitafuta, nikaona jinsi anavyotaka kumpendeza mwenzake. Akashindwa kusema uongo. "Huyu mie simjui, mwenzangu."

"Nta ilikuwa nzima," bibi akasema. "Nimeiziba mwenyewe." Akatazama kiganja chake. "Basi ni sisi. Pua zetu zimekufa kule barabarani."

Jirani akaanza kulia. Bibi akamwaga chupa yote kwenye shina, akakigeuza chungu chake kikaangalia chini, na hakukigeuza tena mpaka anakufa. Msimu ule mabibo yaliozea pale pale, na misimu iliyofuata. Nilimsihi apike. Alinijibu kwa upole kwamba kipofu hafumi mkeka wa kuuza. Mkorosho baadaye ulikatwa, sijui na nani.

Wazee husema ukilikoroga utalinywa. Mimi nililikoroga, akanywa bibi. Siku hizi nikimkasirikia kijana wa watu na karatasi yake ya dhahabu, najua ninayemkasirikia. Yeye alikuwa ananiuliza kwa heshima, kalamu mkononi, bibi alikuwa anafanyaje, na mimi nikamjibu kuhusu kuokota alfajiri na matone ya hasira, mambo anayoweza kuyapata kwa mzee yeyote wa huko. Lililobaki halifundishiki bila ule mti, na bila pua mbili za wazee waliokufa wakiamini wamepungukiwa.

Aliponisindikiza mlangoni aliniuliza tena, "Lakini shangazi, bibi alijuaje kwamba hii ni nzuri na hii si nzuri? Hakukosea?"

Nikamwambia hakukosea hata siku moja, hata siku ile. Akaandika, "hakukosea." Hakuuliza siku ipi.