Kaburi Dogo Kando ya Baba Yake

Nakumbuka siku ile ya mwaka 2016 tuliposhuka Park Station, shemeji yangu Sipho amekumbatia tawi la mti, mdomo kaufunga, na mimi nyuma yake nimebeba mabegi yote. Watu walimtazama, wakajua, wakatupisha. Huku Johannesburg wengi wanafahamu: aliyeshika tawi la mti huo, mphafa, amekwenda kuichukua roho ya marehemu alikofia, na njia nzima haongei na mtu ila huyo marehemu.

Marehemu alikuwa mume wangu, Themba. Mwanangu, nakusimulia haya kwa sababu umezika kichanga chako juzi, na nimewasikia wanawake pale saluni Yeoville wakikwambia usahau, utapata mwingine. Keti kidogo unisikilize.

Nilipokuwa binti wa umri wako, wakimbizi wa Afrika Kusini walikuja kwetu Morogoro, wakapewa shamba la mkonge lililoachwa. Wakajenga shule, zahanati na karakana. Kisha malaria ikamuua mmoja wao, kijana asiye na ndugu wa kumzika, wenzake wakafyeka kipande cha pori nje ya makazi. Hivyo ndivyo makaburi yale yalivyoanza. Waliochonga jeneza ni walewale waliochonga madawati, na waliolia ni wanafunzi tu.

Nilikuwa mshonaji pale. Themba akanioa, tukamzaa Rehema, na homa ikamchukua kabla hajajua kutembea. Themba alimchimbia kaburi kwa mikono yake. Naye alipougua na kufa, niliomba alazwe kando ya bintiye, wakakubali. Nilipalilia makaburi yale mawili mpaka utawala wa makaburu ulipoanguka na wakwe wakaniita huku.

Kufikia mwaka ule wa 2016 mama mkwe alikuwa amezeeka sana, na alitaka jambo moja tu kabla ya kufa: mwanawe arudi nyumbani. Kusema kweli, mimi sikutaka. Niliumia kufikiri Rehema atabaki peke yake kule. Tulipofika makaburini Morogoro nilimsihi Sipho amwite na mtoto. Akasema eish, tawi ni moja, na yeye katumwa kumchukua kaka yake. Mtoto atamfuata baba. Mimi si mtu wa kunyamaza, unanijua, lakini siku ile nilinyamaza. Nilijiambia mila ni yao.

Safari ya basi ilikuwa ndefu. Themba tulimkatia tikiti yake, na kondakta alinung'unikia kiti kile kitupu mpaka akachoka mwenyewe. Kila mto, kila mpaka, Sipho alinong'ona: Themba, tunavuka. Themba, tumeingia Zambia. Nilitega sikio njia nzima nisikie kama atataja jina la pili. Hakulitaja.

Nyumbani Soweto mama mkwe alitungoja mlangoni, amejifunika blanketi. Alilipokea tawi, akaliegemeza begani kama anayembembeleza mtoto, akalia. Kisha akanigeukia, akaniita kama wanavyomwita mke wa mwana.

"Makoti, na mtoto mmemwita?"

Nikajibu hapana, Mama.

"Mmemwambia baba aondoke, amwache mwanawe porini," alisema. "Na wewe mama yake ulikuwa umesimama hapo."

Hakufoka. Angefoka ningepata nafuu. Alinishika mkono akasema mvua zikipungua tutarudi kumchukua. Lakini alifariki kabla mvua hazijapungua. Siku ya maziko, wanawake wakiimba, nilitupa udongo wangu nikainama, nikamwambia kwa Kiswahili, lugha ambayo yeye hakuijua lakini ndiyo pekee aliyowahi kuisikia Rehema kutoka kwangu: "Mama, pitia Morogoro kwanza. Ni lile kaburi dogo. Mwite kwa jina lake, umbebe."

Mwanangu, mtoto aliyekufa ni mtoto. Mpe jina, na ulitaje. Wakikuuliza una watoto wangapi, mhesabu na huyo. Na siku wakubwa watakapoamua jambo linalomhusu, sema, hata kama uko kwa wakwe, hata kama mila si yako. Heshima haikukatazi kumsemea mwanao, na hakuna mwingine atakayemsemea.

Mungu ayakaushe maziwa yako taratibu, yasikuume. Akupe usingizi. Na kichanga chako, huko aliko, apate bibi wa kumbeba.