Dresa Anayewarudisha Watu Makwao

Saa moja asubuhi, Nikodemu Chilumba amesimama kando ya kitanda cha kumi na nne, mikono nyuma. Leo kazi si yake. Anamtazama Bi Mwanakombo akimgeuza mumewe ubavu, akimwekea mto wa usufi katikati ya magoti, kisha akifungua bandeji ya mgongoni taratibu.

"Maji uliyoyachemsha yako wapi?" anauliza.

"Haya hapa. Nimeshatia chumvi," anajibu Bi Mwanakombo bila kuinua uso.

Nikodemu, mwenye miaka thelathini na sita, ni dresa, msaidizi wa daktari anayefunga vidonda, katika hospitali moja ya Dar es Salaam, na makazi yake ni Temeke. Tangu mwaka 1951, miaka michache sasa, amepewa kazi isiyo na jina: mgonjwa mwenye maradhi mazito asiruhusiwe mpaka ijulikane atalala wapi na nani atamuuguza. Huyu wa leo ni wa arobaini na tatu.

"Zamani tukiwatoa tu," anasema. "Wiki mbili hazipiti, mtu karudishwa kidonda kimeoza. Au harudi kabisa."

Mume huyo, Fakihi, mkwezi wa minazi wa Kimbiji, alianguka mnazini miezi minane iliyopita. Miguu ikafa ganzi, mkojo ukawa hautoki ila kwa mpira, mgongo ukafanya vidonda. Kila asubuhi alimwuliza Nikodemu neno moja tu: lini? Alisema wodini hakuna hata mtu mmoja aliyemjua baba yake.

Mara mbili siku ya kumrudisha ilipangwa ikavunjika. Kwanza masika yalikata barabara. Mara ya pili aliyezuia ni Nikodemu mwenyewe. Siku yake ya mapumziko alivuka Kigamboni, akadandia lori la mbata hadi Kimbiji, akakuta nyumbani kwa Fakihi kamba za kitanda zimelegea mpaka chini na mlango mwembamba, machela haipiti. Alipoleta habari hizo, Fakihi aligeukia ukutani.

"Iliniuma," anasema Nikodemu. "Lakini ningempeleka kufa."

Ndugu wa Fakihi wakapanua mlango na kuwamba kitanda upya. Bi Mwanakombo akahamia kwa dada yake Temeke, akaja wodini kila siku kwa wiki sita kujifunza. Dresa wa zahanati ya jirani akakubali kupita kila wiki kubadili mpira.

Jana daktari alitia saini. Saa nne machela inatolewa nje, na Fakihi anafumba macho kwa jua.

"Dresa," anasema, "ukija Kimbiji usije na dawa. Njoo kama mgeni."

Nikodemu anabaki amesimama mpaka gari lililombeba linapopotea. Anaporudi wodini kutandua shuka ndipo anapomtaja mama yake, Bi Yuliana, aliyepooza upande mmoja tangu mwaka juzi huko Newala. Anauguzwa na jirani. Kuja mjini amekataa; anataka azikwe alipozaliwa.

"Nimewafundisha watu wote hawa kuuguza wa kwao," anasema. "Mama yangu sijamgeuza hata siku moja."

Ameomba uhamisho, zahanati yoyote ya kusini. Barua ya kwanza haikujibiwa; ya pili aliipeleka Jumatatu. Ikikaa kimya nayo, mwezi wa nane atachukua likizo, apande meli hadi Lindi, kisha ashike njia ya Newala. Akishafika, anasema, ndipo atakapojua kama miguu itakubali kurudi.