Mti Uliotembea Ziwani

Ninyi vijana mtakaoyasoma haya, kaeni chini kwanza. Msisome huku mnatembea.

Jumapili iliyopita wajukuu wangu walirudi kutoka ziwani, upande wa Munyonyo, ngozi zimewaiva kwa jua, wakaniwekea simu mbele ya uso. "Jjajja, tazama!" Nikatazama. Mashua ndogo nyeupe, tanga moja, na mjukuu wangu wa kike ameshika kana, ule mti wa kugeuzia usukani. Ameshika kwa mkono mmoja. Mkono wa pili una soda.

"Weka soda chini," nikamwambia.

Wakaangua kicheko. "Jjajja, hiyo ni video, imeshapita!" Kaka yake akaongeza, "Na wewe wa hapa Kibuli, wa duka la vitambaa, mambo ya mashua utayajulia wapi?"

Niliinuka nikaenda jikoni kutazama matooke, na mvuke uliponipiga usoni, harufu iliyonijia haikuwa ya majani ya migomba. Ilikuwa ya vanishi, ya tanga lililoloa, na ya mukene, vile visamaki vidogo, vikianikwa juani. Nilisimama hapo mpaka maji ya sufuria yakakauka.

Kabla ya Kibuli sisi tulikaa ziwani, upande wa Luzira. Ukoo wa baba yangu ulitoka pwani na biashara enzi za mababu, lakini ilipofika zamu ya Baba biashara ilikuwa imekwisha, imebaki mikono yake tu. Alikuwa mtunzaji wa mashua ya bwana mmoja tuliyemwita Injinia. Injinia alikuwa mtu wa hapahapa, amesoma ng'ambo, na wenzake waliporudi na magari, yeye alirudi na mapenzi ya tanga. Mashua yake haikuvua samaki wala kubeba mkaa. Ilitoka, ikazunguka, ikarudi palepale. Wavuvi walikuwa wakimwita kutoka kwenye mitumbwi, "Ssebo, bwana, umesahau nyavu!" Naye anawapungia mkono. Mshahara wa Baba haukuwa wa kusimulia, ila tulipewa chumba cha kukaa, ubavuni mwa banda la mashua. Lishikeni hilo. Kazi ya Baba ndiyo ilikuwa paa letu.

Mashua ya mbao haitaki mtu mvivu. Mvua kubwa zikikaribia tuliivuta nchi kavu, tukaipindua juu ya magogo. Mimi na Mama tulikwangua ukoga uliogandia chini yake kwa vipande vya bati, mpaka kucha zikawa za kijani. Kisha msasa. Baba alipitisha kiganja juu ya mbao polepole, uso ameuelekeza kwingine kabisa, akasema, "Hapa bado." Natazama sioni kitu. Nikigusa, kweli, bado. Akashindilia pamba kwenye nyufa, akapaka lami juu yake, halafu rangi nyeupe, halafu vanishi kwenye mlingoti na grisi kwenye kapi ya kupandishia tanga. Kamba haikunjwi mpaka ikauke. Tanga halilazwi na mchanga. Mama alituletea muhogo wa kuchemsha na chai ya tangawizi, tukala mikono inanuka mafuta ya taa, maana ndiyo tuliyotolea rangi.

Kushika kana alinifundisha kwa amri, hakunibembeleza. "Ukitaka kwenda kushoto, sukuma kulia." Nikakosea, tukaingia kwenye nyavu za watu, nikatukanwa matusi ambayo Baba alisema sikuyasikia. Halafu akaniambia nifumbe macho.

"Upepo uko wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi? Sikio gani?"

Hivyo nikajifunza kugeuza uso mpaka upepo uguse masikio yote mawili sawasawa. Hapo ndipo unapotoka. Na neno lake kubwa lilikuwa hili: chagua kitu nchi kavu, kitu kisichohama, kiweke puani mwa mashua, usikiache. Chetu cha kurudia nyumbani kilikuwa mti mmoja mrefu, umesimama peke yake karibu na banda.

Nilidhani kufumba macho ni ufundi wa mabaharia. Mpaka siku moja Mama alimwekea chai kando ya mkono wake wa kushoto, Baba akakipiga kikombe, kikamwagika, na kikombe hakikuwa kimefichwa. Siku nyingine akagonga bega kwenye mlango wa banda alioutia bawaba mwenyewe. Mbele yake aliona vizuri, hata uzi wa kushonea tanga alitunga bila kusaidiwa. Pembeni hapakuwa na kitu. Nilimsikia akimwambia Mama, "Ninaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Na bomba linazidi kuwa jembamba."

Mama akanigeukia, akanishika kidevu. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hukusikia. Neno hili likitoka nje ya mlango huu, tutalala barabarani."

Tokea hapo mimi nikawa macho ya pembeni. Injinia alipokuja Jumapili, nilipanda pia. Baba alisema ananihitaji niwe uzito, maana mashua ndogo ikilala kwa upepo, lazima watu wakae upande wa juu kuirudisha. Basi nikakaa, nikaongea bila kufunga mdomo. Nikitaja samaki, mukene au ngege, kuna chombo kulia. Nikitaja ndege, kiko kushoto. "Baba, ngege walivyo watamu!" Baba anageuza kidogo, mtumbwi unapita, mwenye mtumbwi anapunga mkono, hajui lolote.

"Mzee," Injinia akasema, "binti yako amemeza redio ya kinyozi?"

"Mama yake ni hivyohivyo, bwana."

Mama yangu, ambaye angeweza kukaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri bila neno! Leo watu wanasema mimi mkali, sisemeshi mtu. Maneno yangu niliyamaliza ziwani. Na mkidhani nilikuwa nafurahi, hamkuniona tukishafika. Nilikwenda nyuma ya banda nikatapika. Meno ya utu uzima sijamaliza kuota, na ninabeba nyumba mdomoni. Ningekosea neno moja, Baba angegonga mtu. Ningesema moja la kuzidi, tungefukuzwa.

Ikaja Jumapili ile. Wiki nzima mvua ilikuwa imepiga, na mtu wa ziwa letu anajua maana yake. Mafunjo ya kingoni yanang'oka kipande kizima, na mizizi yake, na udongo, na vichaka, hata miti, kikaelea kama kisiwa. Asubuhi kiko huku, alasiri kiko kule. Ndege wanakaa juu yake hawana habari.

Injinia alikuja na mkewe, kwa mara ya kwanza. Ametoka kanisani moja kwa moja, amevaa gomesi ya kung'aa, lile gauni refu lenye mabega yaliyosimama, na kabla hata hajakaa alitwambia hajui kuogelea. "Nitakaa katikati," akasema, "na msinichekeshe." Tukatoka vizuri. Maji yalikuwa ya kahawia kwa mvua. Tulipofika mbali, wingu likashuka upande wa visiwa na upepo ukabadilika, ukawa mkali. Injinia akasema turudi. Yeye alishika kamba ya tanga, Baba kana, upepo uko kushoto kwetu, na ukungu wa mvua umeanza kufunika nchi kavu.

"Ule pale mti wetu," Baba akasema, akauweka puani mwa mashua.

Nikatazama. Mti upo, mrefu, peke yake. Lakini nyuma kulikuwa na paa la bati la ghala moja kubwa, na siku zote mti wetu ulikaa kushoto mwa lile paa. Sasa uko kulia. Nikafuta maji usoni nikatazama tena. Umezidi kulia. Mti unatembea, nasi tunaufuata. Na upande ule ulikokwenda palikuwa na majabali, yamejificha chini kidogo ya maji, mahali mawimbi yanapopasuka meupe.

"Baba, ngege!"

Akageuza kidogo kushoto, akakwepa mtumbwi ambao haukuwepo, kisha akarudi kwenye mti wake.

"Ngege, Baba! Ngege wengi!"

"Leo amefungua soko kabisa," Injinia akacheka.

Siri yetu ilikuwa na neno la chombo cha kulia na neno la chombo cha kushoto. Neno la mti unaotembea haikuwa nalo. Baba, kwenye bomba lake, aliona mti tu, na mti ulikuwa mbele, kama alivyonifundisha. Nikasikia mawimbi yakipasuka. Nikamtazama yule mama wa gomesi, vidole vimekauka kwenye ukingo wa mashua. Nikafikiri chumba chetu, mikeka yetu, mkono wa Mama kwenye kidevu changu. Kisha nikasema.

"Baba, huo si mti wetu. Uko juu ya mafunjo, unaelea. Paa liko kule. Huoni paa, Baba. Huoni!"

Kicheko cha Injinia kikakatika. Alinishika kifundo cha mkono, akaweka kiganja changu kwenye kana, ya moto kwa mkono wake.

"Shika. Sema unachotaka."

Nikasukuma kulia kwa kifua chote. Mashua ikageukia kushoto, ikaupandia upepo, ikalala vibaya, maji yakaingia upande wa chini. "Bwana, vuta kamba! Vuta tanga!" Mtoto, namwamuru Injinia. Akavuta. "Mama, njoo huku juu, kaa huku!" Gomesi ikanasa, ikachanika, akaja. Baba alikuwa ameshahamia zamani, amejilaza nje mgongo wote kuwa uzito. Ule ubao unaoshuka chini ya mashua ukagusa jabali, ukasaga, nikausikia kwenye kana kama meno yanayotafuna mchanga. Ukaganda. Ukaachia. "Mukama wange, Mukama wange," yule mama anamwita Mungu wake, hana lingine. Na ule mti ukatupita kulia, na yangeyange wawili kileleni, wanakwenda zao.

Tulipofika, Injinia alifunga mashua kwa mkono wake mwenyewe. Alimshusha mkewe. Kisha akaja akasimama mbele ya Baba, akanyoosha mkono pembeni, karibu na sikio la Baba.

"Mzee, nimeonyesha vidole vingapi?"

Baba akatazama mbele. "Vidole gani, bwana?"

Injinia akashusha mkono. "Tangu lini?"

"Ni mwaka wa pili huu."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia, ungeniacha hapa?"

Yule bwana hakuwa mwongo. Akasema, "Kwenye mashua, hapana. Lakini hospitali ningekupeleka kesho yake."

Na kesho yake alimpeleka, nasi tukaenda naye, mimi na Mama. Daktari alisema ni presha ya macho. Alisema inakula pembeni kwanza, haiumi, ndiyo maana watu huichelewesha. Tungekuja mapema, dawa ya matone ingeyashikilia macho yake. Yaliyokwenda hayarudi. Mama alikaa chini kwenye korido, juu ya saruji. Hakulia. Alisema tu, "Na mimi ndiye niliyefunga mlango."

Chumba tukakitoa. Tukapanda Kibuli kwa mjomba, na hapa nimekaa mpaka leo. Bomba la Baba likafunga kabisa, lakini aliishi miaka mingi. Alikaa kibarazani, uso anaugeuzageuza, masikio yote mawili, kisha anaita, "Huo ni wa ziwani, anueni nguo!" Majirani walianua za kwao pia.

Banda lile halipo. Nilipita huko miaka michache iliyopita, nikakuta ukuta mrefu na mlinzi aliyeniuliza natafuta nani. Mafunjo wameyakata kupisha majumba, na penye maji ya wazi gugumaji limetanda mpaka mtumbwi hauna pa kupita. Mashua ya Injinia sijui iliozea wapi. Sisikii tena mtu akimtania mwenzake kuwa amesahau nyavu, na vijana wakitaka kujua upepo unatoka wapi wanatazama simu.

Hayo yote niliwasimulia Jumapili hiyo baada ya chakula, nyumba nzima imekaa kwenye mkeka. Mwanangu mkubwa, baba wa hao wajukuu, anaendesha lori la saruji la tajiri mmoja wa Nateete. Akasema, "Mama, hiyo presha ya macho, si wanasema inakwenda na damu?"

"Inakwenda. Mimi nilipimwa zamani. Nikawaambia nanyi mwende, mkaitikia tu."

"Tutakwenda siku moja."

"Siku moja ndiyo ipi?"

Akainamisha kichwa, anachokonoa ukindu wa mkeka. "Mama, siku hizi usiku taa za magari zinanisumbua kidogo. Lakini wakiona kitu huko hospitali, tajiri atanitoa kwenye lori. Na shule ya hawa je? Tuliache kwanza neno hili hapahapa ndani."

Mkewe akawa anamtazama, halafu ananitazama mimi.

"Funguo za lori weka hapa mbele yangu," nikasema. "Kesho hakuna atakayekunywa chai katika nyumba hii mpaka wote, mkubwa kwa mdogo, mmetoka kupimwa macho, na wewe ndiye utakayetangulia. Na huo mlango ufungueni, uwe wazi."