Nyuki Walioniombea Msamaha

Nianze kwa kukana, kukiri kutafuata. Mimi sikumwomba Mzee Aloisi msamaha. Ukipita upande wetu wa Marangu ukamuuliza mtu yeyote, awe mama anayechuma kahawa au mtoto anayetoka kuteka maji, atakuapia kwamba nilimwomba, tena mbele ya watu wote, kwa magoti, machozi yakinitiririka, nimejifunika pazia la dirisha kichwani. Magoti ni kweli. Machozi ni kweli. Pazia nalo, Mungu anisitiri, ni kweli. Lakini msamaha sikuomba, na jambo hilo linaniuma mpaka leo kuliko miiba yote ya nyuki niliyong'olewa siku ile, maana mwenye haki katika shauri lile nilikuwa mimi.

Shauri lenyewe lilianzia ukutani. Marehemu baba alijenga nyumba yetu kwa mbao, akapiga mbao za nje na mbao za ndani, na katikati akaacha nafasi ya kiganja ili baridi ya mlimani ichoke kabla ya kutufikia. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nafundisha shule ya msingi, na kila nikirudi shuleni nilikaa kwenye meza iliyoegemea ukuta huo nikiandika riwaya yangu ya kwanza (ilihusu mapenzi na shamba la kijiji, na sitaki maswali zaidi). Basi mvua za masika zilipokatika nikaanza kusikia ukuta unavuma, mvumo mzito, wa chini kwa chini, kama watu wengi wanaosali kwa mbali, na mimi, kijana niliyejaa moto wa kalamu, nikadhani ni sauti ya kazi yangu inanijia. Siku mbili nzima nilidhani hivyo! Nilifumba macho nikausikiliza ukuta, nikaandika kurasa kumi na moja, mpaka nyuki mmoja akatoka kwenye ufa, akatua juu ya sura ya nne, akatembea kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kisha akanichoma kidole.

Sasa nyuki hao walitoka wapi? Msiniulize mimi, ulizeni macho yenu. Kati ya kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, na kihamba cha Mzee Aloisi kuna mfereji tu, na ng'ambo ya mfereji alikuwa ametundika mizinga yake mitini, na mzinga mmoja uliokuwa ukivuma mchana kutwa ulinyamaza wiki ileile ukuta wetu ulipopata sauti. Mtoto wa darasa la kwanza angeijumlisha hesabu hiyo. Nikavumilia. Lakini Mama alipochomwa kope, akaenda kanisani Jumapili jicho moja limefumba kama anayemkonyeza padri, nikaona basi, nikavuka mfereji.

Mzee Aloisi alikuwa amekaa uani na wenzake wanakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi.

"Shikamoo, Meku," nikasema. (Meku ndivyo tunavyomwita mzee kwa heshima, na siku hiyo heshima nilikuwa nayo bado.)

"Marahaba, Mwalimu. Karibu kata moja."

"Sikuja kunywa, Meku. Nyuki wako wamehamia kwetu ukutani. Wamemchoma Mama. Nakuomba uje uwatoe."

Akanitazama kwa utulivu ule wa watu wanaojua kwamba wenzao watacheka. "Nyuki wangu? Umewageuza mgongo ukakuta wameandikwa Aloisi?"

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akamwaga mbege.

"Mzinga wako mmoja uko mtupu," nikasema.

"Uko mtupu, kweli kabisa. Nyuki akishaondoka kwangu si wangu tena, ni wa Mungu. Kamshitaki Mungu." Akaonyesha kidole juu kwenye theluji ya Kibo, kana kwamba Mungu ana ofisi kule na inafunguliwa saa mbili asubuhi.

Nikapeleka shauri kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Balozi Severini alikuwa mtu mwema, lakini kila shauri alilimaliza kwa hotuba juu ya umoja, na hotuba hiyo siku zote ilimwangukia yule mdogo kwa umri. Akaniambia mbele ya mkutano kwamba nyuki aliye ukutani ni wa mwenye ukuta, na kwamba vijana wasomi tuache kuwasumbua wazee wakati taifa linajenga ujamaa. Nikasimama. Damu ilikuwa inachemka. Nikatamka maneno ambayo ndiyo chimbuko la aibu yangu yote.

Lakini ili myaelewe, lazima mjue isale ni nini. Ni ule mmea wa majani marefu ya kijani tunaoupanda mipakani na makaburini, na kwetu Uchagani aliyemkosea mwenzake hukata jani lake akampelekea mkononi. Hahitaji kusema mengi. Anayepelekewa hawezi kukataa, na akishalipokea shauri limekufa, halifufuliwi na yeyote.

"Ndugu wananchi," nikasema, "mpaka Mzee Aloisi avuke ule mfereji na isale mkononi, mimi na yeye hatujuani."

Mkutano mzima ukaguna. Mzee Aloisi akatoa ugoro wake akavuta. Na kuanzia siku hiyo, kwa miezi minne, tulikutana njiani kama migomba miwili. Kijiji kizima kilikuwa kinasubiri kuona nani atavuka mfereji, na mimi nilijua kwamba nikivuka mimi, basi nimekiri kuwa nilimsingizia mzee, na mwalimu aliyemsingizia mzee atawatazamaje wanafunzi wake?

Ikafika siku ya ubatizo wa mjukuu wake. Baada ya misa watu wote walielekea kwake, kulikuwa na mbuzi, kulikuwa na ndizi, na harufu ilikuwa inavuka mfereji bila haya yoyote. Mama alivaa kitenge chake kipya. Mimi nilialikwa (alimtuma mtu, si yeye mwenyewe), nikakataa, na hapo nikaamua kijambo kidogo tu, kidogo mno, ambacho nilikiona cha busara: kwa kuwa siku hiyo hakuna jicho la kunitazama, nitawatoa nyuki mwenyewe, ili mtu asije akasema nilimhitaji Aloisi.

Mama alinikuta mpakani na panga.

"Deo, unakata nini hapo?"

"Majani ya kupangusia nyuki, Mama."

"Si ukate ya mgomba?"

"Ya mgomba yanachanika."

"Isale halichezewi, mwanangu."

"Mama, ni jani tu."

Ni jani tu! Kila nikikumbuka maneno hayo natamani kumpata yule kijana nimzabe kofi, bahati mbaya ni mimi. Mama akatikisa kichwa, akavuka mfereji kwenda kula mbuzi.

Nikajiandaa kisayansi. Nilivaa koti la mvua la baba, nikafunga suruali vifundoni kwa makamba ya mgomba, nikavaa soksi mikononi, na kwa kuwa sikuwa na wavu wa uso nikashusha pazia la dirisha la sebuleni, lile jeupe la vitundu vitundu ambalo Mama alilitarizi mwenyewe pembeni, nikalifunga kichwani na kulichomeka shingoni. Nikawasha majani makavu kwenye kopo, nikapuliza moshi kwenye ufa mara tatu (baadaye niliambiwa hata mara thelathini zisingetosha, na kwamba hakuna mtu mwenye akili zake anayewagusa nyuki jua la saa saba likiwaka), nikashika isale mkono mmoja na nyundo mkono wa pili, nikabandua ubao.

Nisiwafiche, kwa kitambo kidogo nilisahau hasira. Ndani ya ukuta wa baba yangu kulikuwa na masega yaliyoshuka kama shuka zilizoanikwa, ya dhahabu juu na meupe chini, na juu yake nyuki maelfu wanatetemeka kwa pamoja, na ile harufu, nta na maua ya kahawa na mvua ya zamani. Nikasema moyoni, hii nitaiandika. Nikawapangusa taratibu kwa isale, kama ninavyofuta ubao darasani.

Darasa likasimama.

Yule wa kwanza aliingia kwenye tundu la soksi. Wa pili, wa tatu, wa kumi wakakuta mahali pazia lilipoachana na koti, na sasa nikawa nimefungiwa nao ndani, mimi na wao, kwenye pazia moja. Mmoja akanichoma mdomo wa chini, mwingine wa juu, mwingine kope. Nikatupa nyundo. Kwa nini sikutupa isale? Nimejiuliza mara nyingi! Lakini nilikuwa najipigia nalo, kushoto, kulia, mgongoni, na mtu hatupi silaha pekee aliyo nayo. Nikakimbilia mferejini nijitupe majini, nikajitupa, maji yakanifika kifundoni, maana siku hiyo zamu ya maji ilikuwa ya watu wa chini. Nikainuka na matope. Wingu lote la nyuki liko juu yangu. Na hapo, kwa jicho moja lililobaki wazi, nikaona moshi wa jiko la kuchomea mbuzi, na nikakumbuka kutoka chuoni jambo moja tu, kwamba nyuki huogopa moshi.

Moshi ulikuwa uani kwa Mzee Aloisi.

Nilitokea katikati ya migomba kama kitu kilichotoroka kaburini. Watoto wakapiga kelele, "Bibi harusi! Bibi harusi anakuja!" Wanawake wakanyakua watoto, kata zikaanguka, mimi nikapita moja kwa moja ndani ya moshi nikikohoa, na nyuki wengi wakaniacha hapo, nikashukuru Mungu, na kwa kuwa sioni nikajikwaa kwenye gogo walilokalia wazee, nikaanguka mbele kwa magoti yote mawili, mkono umenyooka ili nisianguke kifudifudi.

Nilipofungua lile jicho niliona viatu. Vilikuwa viatu vya ubatizo, vimepakwa kiwi. Mkono wangu ulionyooka ulikuwa na isale. Na juu ya viatu, bila kusogea hata hatua moja (nyuki kwake ni kama kuku), alikuwa Mzee Aloisi.

Uwanja mzima ukasogea kutazama.

Akainama. Akalitoa isale mkononi mwangu taratibu, kwa mikono miwili.

"Nimepokea," akasema.

Nikataka kupaza sauti, "Siombi msamaha!" Naapa hayo ndiyo niliyosema. Lakini midomo ilikuwa imevimba kama ndizi mbili, neno la kwanza likafia mdomoni, na kilichotoka, kwa sauti kubwa ya kilio, kilikuwa kimoja tu:

"...msamaha!"

Vigelegele! Mama mmoja akaanza kulia. "Mae! Tazameni anavyolia, maskini, hadi uso umemvimba." Balozi Severini akapanda juu ya lile gogo lililoniangusha. "Ndugu wananchi! Mwalimu huyu amesoma, lakini amejishusha, amejifunika uso kwa aibu ya kosa lake. Huu ndio ujamaa wenyewe!" Nikatikisa kichwa kukataa, wakasema natetemeka kwa majuto. Mama akanifikia, nikadhani ameniokoa, kumbe amekuja kuninong'oneza sikioni huku ananifuta matope.

"Nyamaza, Deo. Ukilikana isale lililokwisha kupokelewa, nani atakuja kutuzika?"

Nikanyamaza. Wakaniletea kata, Mzee Aloisi akanywa kwanza, akanipa, nami nikanywa mbege ya upatanisho ikinimwagikia kwenye tarizi za Mama.

Na sasa sikilizeni jambo linaloniua hasa. Jua lilipoanza kupoa Mzee Aloisi akaja kwetu, maana aliyemsamehe mtu hawezi kumwachia taabu ukutani. Alikuja na mzinga wake mtupu begani, bila soksi wala pazia, shati la nusu mkono, kinga yake ni kijinga cha moto tu, na Balozi nyuma yake kwa mbali, mimi nimelazwa kitandani karibu na dirisha nikitazama kwa lile jicho moja. Akawavuta nyuki kiganja kwa kiganja, anawasemesha kwa Kichaga kama watoto waliochelewa kurudi shule, akampata malkia wao, akamweka kwenye ule mzinga mtupu, na wote wakamfuata. Mama akajaziwa sufuria ya asali, mwaka ambao sukari ilikuwa ya foleni. Kisha mzee akaufunika mzinga, akaupiga kofi la upendo, akasema:

"Haya. Wamerudi kwao."

Kwao! Niliruka kutoka kitandani.

"Balozi! Umesikia? Amesema kwao! Kwao ni wapi? Si kwake? Basi walikuwa wake!"

Balozi akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, shauri hilo si uliliombea msamaha wewe mwenyewe?"

Na Mzee Aloisi, akiwa anafuta asali vidoleni kwa jani, alinitazama muda mrefu, na naapa kwa kaburi la baba, yule mzee alitabasamu.

Tangu hapo nimeusema ukweli huu shuleni, kanisani, kwenye foleni, na kila mara watu huitikia kwa kichwa na kusema Mwalimu ni mnyenyekevu, hataki sifa ya tendo lake jema. Shikamoo namwamkia, nifanyeje. Asali yake niliila yote, kwa hasira. Lakini nimejiwekea nadhiri moja, na ninyi ni mashahidi: hata nikikimbizwa na nyuki, na chui, na moto wa msituni, maadamu niko Uchagani nitakimbia mikono mitupu.