Robo Saa ya Mombasa

Nikiwa bado msichana wa kutumwa, kazi yangu mwezi wa Ramadhani ilikuwa kungoja taa. Tulikaa Majengo, Pumwani, nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati, na ukisimama kwa kona yetu unaona mnara wa msikiti. Sauti ya mwadhini ilikuwa haifiki vizuri kwa sababu ya kelele za barabara, lakini kabla hajaanza kuita aliwasha taa ya kijani huko juu. Mimi nikiiona nakimbia nikipiga kelele, "Imewaka! Imewaka!" na nyumba nzima inafungua.

Ramadhani hiyo ninayosema iliangukia mwezi wa saba, ile baridi ya Nairobi. Mawingu asubuhi, mawingu jioni. Jua hulioni. Unajua tu liko mahali huko nyuma, na wewe huwezi kulitazama lakini lenyewe labda linakutazama. Ndivyo Bibi alivyotufundisha kufikiri.

Sikupelekwa shule. Haya mambo nimeyaweka kichwani, na kichwa changu hakisahau nani alimwambia nani nini.

Mwaka huo ami Salim, mdogo wa baba yangu, dereva wa lori la Mombasa, alikuwa ametuletea mke kutoka huko. Anti Zuhura. Mpole, msafi, na anajua kusoma. Alikuja na kalenda ya kupewa dukani, imeandikwa kila siku saa ya kushika na saa ya kufungua, akaitundika juu ya kitanda chake. Siku ya kwanza ya mfungo tulikuwa tumekaa uani, uji umefunikwa, akatoka na saa mkononi.

"Mama, wakati umefika."

Bibi, yaani mama ya baba, hakuinua hata kichwa. "Umefika wapi?"

"Kalenda inasema."

"Ya wapi hiyo?"

"Ya Mombasa."

"Basi panda lori la mume wako ukafungue huko."

Tulicheka sana. Hata Mama Mutua, jirani yetu Mkristo, mume wake mchonga vinyago, alicheka huko kwa karai lake la nguo. "Nyinyi watu, jua si ni moja? Ama mnataka kukatiana vipande?"

"Ni moja, lakini lina safari," Bibi akamwambia. "Linatoka upande wa bahari. Linaamka kwao kabla ya kwetu, linalala kwao kabla ya kwetu. Robo saa hivi. Anayekaa kwangu anafunga jua la kwangu. Karatasi haina macho."

Anti Zuhura akainama, akangoja taa kama sisi. Mimi nilidhani imeisha hapo.

Siku ya tisa au ya kumi Bibi alinituma nimpelekee Anti Zuhura maji ya udhu chumbani. Nikamkuta amekaa kitandani, mgongo kwa mlango, anakula kaimati.

"Anti! Taa bado."

"Funga mlango. Ya Mombasa imepita." Akajifuta jasho kwa leso, na ile baridi yote. "Kuja hapa, mami. Leta mkono."

Akaweka mkono wangu tumboni kwake. Mimi sikusikia kitu, lakini nilielewa.

"Wawili wametoka," akasema. "Wote niliwatangaza mapema, watu wakawatia macho. Huyu hata Salim hajui. Nikiacha kufunga, siku saba watasema ni za mwezi. Halafu? Hawa wanawake wa hapa wanahesabu."

"Lakini unaumwa, Anti."

"Nikipata hii robo saa, ninafika. Ukisema kwa mtu, umemuua. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Akanipa kaimati mbili na mimi nikakula. Nilikuwa na njaa, sitadanganya. Na kutoka siku hiyo, kila jioni kabla ya kwenda konani, nilipitia kwa mlango wake.

Tatizo la kaimati ni iliki. Siku moja nimerudi mbio, "Imewaka!" na Bibi akanishika bega.

"Hebu pumua."

Nikapumua.

"Taa imewaka sasa hivi na wewe unanuka iliki. Nani amekupa?"

Sikutaja mtu. Mdomo ulifunga, lakini macho yalikwenda yenyewe kwa mlango wa Anti Zuhura, na Bibi alikuwa mwindaji wa macho.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alikwenda akasimama kwa mlango, watu wote uani tende mkononi, akasema polepole kama mtu anayempa mgeni njia:

"Mke wa Salim. Ukimeza kitu jua likiwa macho, umelimeza na lenyewe. Na likishaingia tumboni haliwezi kuzama, maana huko hakuna magharibi. Litakaa humo liwake. Litachoma litakachokuta."

Anti Zuhura alishika tumbo. Kidogo tu, halafu akaondoa mkono haraka. Watu walidhani ni aibu. Mimi peke yangu nilijua ameshika nini.

Sasa hapa ndipo ninaporudi kila mwaka. Kutoka jioni hiyo Anti aliogopa kufungua. Taa inawaka, sisi tunakunywa uji, yeye anakaa pembeni penye giza na kikombe mbele yake, anakiangalia tu mpaka isha. Anajifanya anakula, mkono unaenda mdomoni mtupu. Daku akaacha kuamka. Nilimfuata chumbani nikamwambia, "Anti, kunywa hata maji."

"Nalirudishia jua lake," akasema. Midomo imepasuka kama udongo. "Nilichukua robo, nalipa masaa. Likitosheka litaniachia."

Nyumba ilibadilika. Kuku wa Mama Mutua walianza kulala mchana, hiyo nakumbuka, na Bibi akasema ni mawingu tu, lakini alisema bila kuulizwa. Mara tatu nilikwenda mpaka kwa mkeka wake nimwambie. Mara ya tatu aliniuliza, "Unataka nini, wewe?" Nikasema nataka sindano ya kutoa mwiba. Sikuwa na mwiba. Alinipa sindano, nikaenda nayo chooni nikalia.

Siku ya ishirini na mbili, baada ya alasiri, tulisikia kitu kimeanguka chumbani kwa Anti. Bibi aliingia kwanza. Damu ilikuwa imefika mpaka kwa mguu wa kitanda.

"Ulikuwa nayo?" Bibi alipiga magoti. "Zuhura! Ulikuwa na mimba na unafunga? Nani alikwambia ufunge? Mwenyewe Mungu amekusamehe, wewe ni nani usijisamehe? Ningekulisha kwa mkono wangu, mchana kweupe!"

Anti alimwangalia, akasema maneno mawili. "Uliniambia litachoma."

Bibi alivua leso yake, akaanza kufuta damu. 

Jibu lake lilikuja baadaye. Ilipofika Idi, wanawake wakija kumpa Bibi pole wanamuuliza kwa sauti ya chini, ni kweli ulisema litachoma? Na yeye akawa anajibu, "Nilisema." Kila mara linatoka rahisi kuliko lile la mwanzo. Watu wakaanza kumwogopa. Hakuna mtu wa nyumba hiyo aliyefungua mapema tena, hata watoto.

Anti Zuhura alirudi kwao Mombasa, ami Salim akamfuata. Mpaka leo upande wao hawaji harusi zetu. Wanasema Bibi alimroga. Wetu wanasema alionya na onyo likatimia. Nimewasikia wote na nimewatunzia wote ugomvi wao, na hakuna hata mmoja anayejua habari ya kile kikombe kilichokaa bila kunywewa. Bibi alikufa hajui. Labda mimba ingetoka tu, kama zile mbili. Labda. Lakini kuhusu jua Bibi hakukosea, hata sheikh nilikuja kumuuliza nikiwa mkubwa, akaniambia kila mji unafuata jua lake. Alichokosa ni kuambiwa neno moja, na aliyekuwa nalo ni mimi.

Siku hizi wajukuu wana simu, inawaambia dakika za Eastleigh na dakika za Mombasa. Robo saa haipotei tena. Mimi naangalia vitu vingine. Ramadhani iliyopita mke wa mjukuu wangu alikaa hapa na midomo mikavu, anasema amefunga, anasema hana kitu. Sebule imejaa wageni. Nikamuuliza mbele ya wote, "Una mimba?" Alitaka kuzama kwa kiti, lakini mkono ulimwenda tumboni. Mama yake alisema nimemvunjia heshima binti yake, na akaondoka na viatu mkononi, hajanisalimu tena mpaka leo.

Sawa. Huo ugomvi nao nitautunza. Nilikwenda jikoni, saa saba mchana, nikapakua wali, nikauweka mbele ya huyo msichana, nikasimama hapo mpaka akamaliza.