Vile Tata Anasema

Siku yangu ya kwanza ya ualimu, kule Kisenge penye mgodi wa manganizi, niliingia darasani nimevaa shati ndani-nje. Mishono yote ilikuwa hadharani, na kibandiko cha kola kilikuwa kinapepea kisogoni. Watoto walicheka mpaka mapumziko. Diriketa, mkuu wa shule, mzee mkali asiyependa kelele, alinivuta nyuma ya mlango: "Mwalimu, kwenu hakuna mutu ya kukuangalia?"

Alikuwepo. Mama yangu mzazi alinisindikiza mpaka uwanja wa shule, amenibebea begi, akaniaga: "Kazi njema, tata." Aliniita tata, yaani baba, kwa sababu nina jina la baba yake, na kwetu mtoto aliyepewa jina la mzee huheshimiwa kama mzee mwenyewe. Kuku akichinjwa, firigisi ilikuwa yangu, sehemu ya mwenye nyumba, hata nilipokuwa sijaota meno yote. Siku ile nilijiambia macho ya mama yameanza kuchoka, nikageuza shati, nikaendelea na kazi.

Nyinyi walimu vijana hamtaamini, lakini wakati ule kufundisha kusoma ilikuwa kama kuimba. Mimi nasoma mstari, darasa zima linarudia kwa sauti moja mpaka mabati yanatetemeka. Diriketa alikuwa akisema, "Mwalimu njo kinywa, batoto njo masikio," yaani mwalimu ndiye kinywa, watoto ndio masikio. Maana ya kile walichoimba, hakuna aliyeiuliza. Baadaye nikapelekwa Kapanga, upande wa Musumba, makao ya mfalme, ambako mvua ikinyesha njia inakufa na chaki haifiki. Wimbo ukawa uleule. Mahali pote hapo hakuna mtoto aliyeniambia hapana, na nisiwadanganye, nilipenda hivyo.

Kolwezi ndipo nilipobadilishwa. Shule yetu ilikuwa karibu na Mutoshi, penye machimbo, na diriketa alikuwa mama mmoja mfupi mwenye mwendo wa haraka. Alitoka kwenye semina na jambo jipya: kusoma wawili-wawili. Watoto wanakaa kwa jozi na hadithi moja fupi. Katikati wanasimama na kubashiri kitakachofuata. Wakimaliza, mmoja anaieleza kwa maneno yake, mwenzake anamwuliza, "Juu ya nini? Unaona wapi?" yaani kwa sababu gani na wapi, na jibu lazima liwe na kidole juu ya mstari. Hadithi ni ya Kifaransa, mazungumzo ni ya Kiswahili chetu. Halafu kulikuwa na sheria niliyoitunga mwenyewe, nikajivuna nayo kweli: kila jozi, kila siku, lazima itoe hapana moja. Nani hakubaliani na mwenzake, na kwa nini?

Jozi zote zilitoa hapana yao, wengine mpaka karibu kupigana. Isipokuwa jozi moja, dawati la dirishani: binti Mwadi na Kazadi. Kazadi alisema lolote, hata upuuzi, na Mwadi akainamisha kichwa: "Vile tata anasema, njo vile."

Darasa lilicheka. Mimi nilidhani ananifanyia mzaha, kumwita mvulana wa rika lake tata. Siku moja uvumilivu ukaniishia, nikamwambia mbele ya wote, "Weye ni kasuku?" Yoo! Kuanzia mapumziko ya siku hiyo jina lake likawa Kasuku. Waliliimba mpaka njiani, na mimi nikasikia na sikusema kitu.

Mama yake alikuwa mjane. Baba wa Mwadi alifunikwa na udongo kwenye shimo la machimbo. Mama huyo alikuja kuniona ameshika kitambaa cha kichwa mkononi. "Mwalimu, akirudia mwaka, mi namutosha, anaacha masomo. Sina nguvu ya mwaka mbili darasa moja. Tutaenda naye kusafisha mawe." Alimaanisha madini, kwenye maji, mgongo umepinda kutwa nzima. Nilimjibu kwamba shule haiendeshwi kwa huruma. Kweli, nilisema hivyo.

Kwa hiyo diriketa aliponiuliza nani apande darasa la sita, nilisema Mwadi arudie. Alinitazama. "Inspekta anakuja wiki hii," akasema. "Tumuonyeshe ile jozi kwanza."

Inspekta alikuwa mama mwenye mvi, mzaliwa wa Musumba. Alivuta kiti mpaka dawati la dirishani. Hadithi ilikuwa ya mzee mfupi aliyekataa kuuza baiskeli ingawa hakuipanda kamwe. Kwa nini alikataa? Kazadi akajibu haraka: bei ilikuwa ndogo. Mwadi akainamisha kichwa. "Vile tata anasema."

Watoto wakaanza, "Kasuku, Kasuku." Inspekta akainua mkono, wakanyamaza. Akamwuliza Mwadi polepole, "Huyu ni nani kwako?"

"Ni mutoto wa baba mudogo. Lakini jina ya baba yangu njo eko nayo. Mama alisema, tata habishiwi."

Inspekta hakucheka. Alimgeukia Kazadi, akapiga makofi mawili ya taratibu, kama tunavyosalimia wakubwa. "Tata Kazadi, mutoto wako ananyamaza juu ya heshima yako. Umupe ruksa."

Kijana alikaa wima. "Mwanangu," akasema kwa uzito wote, "sema."

Mwadi akaweka kidole kwenye mstari. "Hapana, tata. Angalia hapa: kila Jumamosi anaipanguza. Na hapa, kiti yake imeinuliwa juu, mutu mufupi hawezi. Haiko baiskeli yake. Ni ya mutoto wake mwenye kuenda mbali. Anamungojea."

Mimi mwenyewe sikuwa nimeuona ule mstari wa kiti.

Inspekta akaniuliza, "Mwalimu, weye ni wa wapi?"

"Wa hapa hapa, mama."

"Aa," akasema, basi. Nilitamani sakafu inimeze. Mimi, niliyekula firigisi utoto wangu wote!

Mwadi alipanda la sita. Jina la Kasuku lilipanda naye. Niliwakataza watoto, niliwaomba, lakini jina lililotoka kinywani mwa mwalimu halirudi. Hata leo nikimkuta sokoni akiwa na mtoto wake mgongoni, kuna mtu upande wa pili anayemwita hivyo, naye anaitika. Mimi ninajifanya naangalia nyanya.

Sasa nimestaafu, nakaa na mama yangu, mzee sana. Miaka yote hii niliogopa kumwuliza. Jumapili iliyopita, alipokuwa anamenya karanga baada ya misa, nilisimama kando yake, nikajikaza. "Mama, mi nakupa ruksa. Sema yote yenye ulinyamazaka."

Aliendelea kumenya, nikadhani hakusikia.

"Ile shati ya Kisenge," akasema. "Niliiona, tata."

Uso uliniwaka kama siku ile nyuma ya mlango wa diriketa. "Na ingine?"

Mama akapanguza maganda kwenye mapaja, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kuuliza.

"Leta kiti, ukae."